Mnyororo Uliolia Vizuri Mno

Bosco ameniomba niiandike kazi yangu kabla sijaisahau. Nilimwambia kazi ya mikono haisahauliki. Kinachosahaulika ni mahali mtu alipoweka miwani. Hata hivyo nimekaa mezani, chumbani kwangu hapa Point, Durban, dirisha likiwa wazi, na ninawaandikia ninyi mliobaki kule yadini Clairwood: Bosco mwenyewe, na wale wapya ambao bado wanafunga turubai kwa fundo la kamba za viatu. Habari za vyeo na mishahara sitaziweka. Zote mbili zilikuwa fupi, na karatasi hii ni ndefu.

Jina langu mnalijua kwa nusu. Mnaniita Mama Turubai. Mimi ni Feza, mzaliwa wa Likasi, mji wa shaba na reli kule Kongo. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nyuma yangu wadogo zangu wanne, na wa mwisho, Dezire, alikuwa hajaweza kulitamka jina lake. Shule niliiacha Jumatatu. Jumanne nilikuwa ghalani nikishona midomo ya magunia ya unga, Dezire mgongoni. Sindano ya magunia, iliyopinda nchani kama mdomo wa ndege, ndiyo iliyotulea sote watano. Nimeishika sindano hiyo tangu siku ile hadi mwezi uliopita, nikibadilisha kitambaa tu.

Nilifika Durban nikiwa mama mzima, baada ya vita na mipaka ambayo sitaisimulia hapa. Dezire alikuwa ametangulia na tayari alikuwa dereva, akivuta kontena kutoka bandarini hadi Clairwood, kilomita chache na robot nyingi, yaani taa za barabarani. Mwaka 2008, siku moja ya mvua, alikuja amebeba begani turubai iliyopasuka. Yaya ndivyo anavyoniita, dada mkubwa.

"Yaya, hii utaiweza?"

"Ni gunia tu," nikasema. "Gunia lililokula sana."

Turubai iliingia chumbani, sisi tukatoka. Nilishona nikiwa nimeketi koridoni, majirani wakiruka miguu yangu. Wiki iliyofuata niliitwa yadini.

Siku ya kwanza niliyokanyaga yadi ile nilidhani nimeingia ndani ya saa kubwa iliyofunguliwa mgongo. Folklifti zilikuwa zinazunguka, kreni inainama na kuinuka, malori yamepangana pua kwa mkia, na nyuma ya ukuta reli ilipita, mabehewa yakigongana taratibu kama watu wanaosalimiana bila kuwa na haraka. Hakuna aliyeniambia nisimame wapi. Nilisimama katikati, na lori la chuma likanipigia honi mpaka nikajua kwamba katikati si mahali.

Aliyenichukua ni Baba Ngidi. Alikuwa Mzulu mrefu, mkimya, aliyetumikia mizigo ya reli nusu ya maisha yake kabla ya kuja kukagua malori. Hatukuwa na lugha moja. Yeye alinipa Kizulu chake, mimi nikampa Kiswahili changu, na palipobaki pengo tukaweka Kiingereza kibovu cha pande zote mbili. Alinipa sindano, uzi wenye nta, na kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani ili sindano isikutoboe. Kisha akanionyesha rundo la turubai, refu kuliko mimi, akaenda kunywa chai.

Kosa langu la kwanza lilifika na lori lenyewe. Nilikuwa nimetia kiraka kwa namna ya magunia, pindo likitazama popote. Gunia halisafiri kwa kasi likiwa limelala kifudifudi. Turubai husafiri. Upepo wa barabara uliingia chini ya pindo, ukakichana kiraka, kisha ukaendelea na turubai yote hadi nyuma. Dereva aliishusha mbele yangu, vipande vipande, kama mtu anayerudisha kuku aliyeuziwa mgonjwa. Baba Ngidi hakunigombeza. Alinipeleka kwa mwanamke aliyeuza samaki nje ya geti, akachukua samaki mmoja, akampapasa kutoka kichwani kwenda mkiani. Laini. Kisha kutoka mkiani kwenda kichwani. Magamba yakasimama. Akamrudisha samaki, mwenye samaki akamtukana, tukarudi kazini. Tangu hapo kila kiraka changu mdomo wake unatazama nyuma. Nanyi mkishona, mkumbukeni samaki yule.

Mwaka ule ule, mwezi wa Mei, wageni walipokuwa wakifukuzwa mitaani, Baba Ngidi alinisindikiza kila jioni hadi kwenye teksi za Point. Alitembea hatua moja mbele yangu. Naliandika hili hapa kwa sababu nalo lilikuwa sehemu ya kunifundisha kazi.

Mnajua kwamba tangu nifike Durban sijawahi kuvuka Pietermaritzburg. Miaka saba nimeituma mizigo kila pembe ya nchi hii na sijaiona. Lakini nimeifua. Turubai zilirudi zikiwa zimebeba nchi mikunjoni mwake, nami nilizitandaza kwenye saruji, nikapiga maji na brashi. Vumbi jekundu lilikuwa la kaskazini, njia ya Musina, karibu na mpaka. Vumbi jeusi, laini, lisilotoka kwenye kucha, lilikuwa la makaa ya mawe. Makapi ya mahindi yalitoka kwenye tambarare za Free State, na mara moja, katika kona ya turubai, nilikuta kiota kidogo cha ndege, kimejengwa wakati behewa limengoja wiki nyingi kwenye stesheni nisiyoijua. Nilikaa na kiota kile mkononi muda mrefu. Niliiona stesheni, nikaona jiwe la jukwaa, nyasi katikati ya reli, na ndege akiamua kwamba hapa hapaondoki tena. Kisha siku moja treni ikaondoka.

Saa ya chakula nilipenda kulala juu ya turubai zilizokaushwa na jua. Zina joto kama mgongo wa mnyama. Nilifumba macho na kusafiri na malori ya asubuhi. Madereva walikuwa wakipiga simu ofisini, na majina ya miji ya njiani niliyoyasikia dirishani nilikuwa nayo yote: Mooi River, Van Reenen, Harrismith, Warden, Villiers. Niliyapanga kama shanga. Van Reenen ilikuwa na ukungu daima, hata jua lilipowaka Durban, kwa sababu dereva wa kwanza aliyenitajia alilalamika ukungu. Villiers nilimweka mzee mmoja amekaa barazani. Sijui kwa nini. Mpaka leo yupo, amekaa, malori yangu yanampita.

Baada ya mwaka mmoja Baba Ngidi alinitoa kwenye sindano na kunipeleka kwenye minyororo. Alitembea na kipande cha bomba kama urefu wa mkono. Mzigo ukishafungwa, aliuzunguka mara tatu akigonga kila mnyororo mara moja.

"Lalela, sisi," alisema. Sikiliza, dada.

Mnyororo uliokaza hulia. Uliolegea hukohoa. Na upo wa tatu, ambao huchukua miaka kuusikia, unaolia lakini unachelewa kunyamaza. Huo umekaza upande mmoja tu. Alinifundisha pia kwamba reli na barabara hazitesi mzigo kwa namna moja. Reli huusugua mzigo, kidogo kidogo, siku nzima, kushoto na kulia. Barabara huusukuma mara moja tu, pale dereva anapokanyaga breki. Aliyezoea behewa atafunga lori vibaya, na aliyezoea lori atafunga behewa vibaya, na wote wawili wataapa kwamba wamefunga vizuri.

Akimaliza kugonga, Baba Ngidi alichora alama yake kwa chaki kwenye gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Hiyo ndiyo desturi ya yadi yetu na ninyi mnaifuata. Karatasi za ofisi ziwe zimetiwa sahihi na mameneja wangapi, mlinzi wa geti haangalii karatasi, anaangalia gurudumu. Na alama haifutwi na mtu mwingine isipokuwa aliyeichora, kwa kiganja chake. Ikifutwa, mzigo unafunguliwa wote hadi sakafu ya trela, unafungwa upya, na lori limepoteza zamu yake. Katika miaka niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona Baba Ngidi akifuta. Nilidhani ni kwa sababu hakukosea.

Alama yangu ilikuwa sindano: mstari mmoja na jicho dogo. Mwaka wa Kombe la Dunia niliichora kwa taabu, kwa sababu madereva walipuliza vuvuzela yadini tangu asubuhi na sikuweza kusikia mnyororo hata mmoja. Niliwaambia nchi itafunga mabao na mimi sitafunga mzigo. Wakapuliza zaidi. Baba Ngidi akazikusanya zote, akazifungia stoo, na jioni akaonekana nyuma ya kontena akiijaribu moja.

Alistaafu mwaka uliofuata, akarudi kwao milimani. Aliniachia lile bomba. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Sasa utakuwa peke yako na masikio yako," nami nikadhani ni maneno ya kuaga.

Ninafika sasa kwenye kazi moja ambayo Bosco ananiuliza kila mara, kwa kuwa wakati ule alikuwa mgeni yadini na alisikia mambo nusu nusu. Ilikuwa mwaka 2012.

Ulikuja mzigo wa mabomba ya chuma, marefu, mazito, ya kwenda mgodini karibu na Likasi. Likasi yetu. Yadi ilikuwa imetuma mizigo Kongo mara kadhaa, lakini si pale. Na dereva aliyeandikwa alikuwa Dezire. Baada ya miaka mingi ya foleni alikuwa amepata karatasi zinazomruhusu kutoka nchi hii na kurudi, na alikuwa amemwomba meneja mwezi mzima. Tangu tuondoke hakuna hata mmoja wetu aliyerudi nyumbani. Makaburi ya mama na baba yapo pale, nyuma ya kambi ya reli. Dezire alitaka kwenda kuyafyeka majani. Ndiyo haja yake yote. Alinunua panga jipya na kuliweka chini ya kiti.

"Ninyi mulimujua mama," aliniambia Jumapili ile, tukila. "Uko na sura yake kichwani. Mimi sina kitu, yaya. Mimi nitajua kaburi tu."

Ilinyesha siku tatu. Siku ya nne, mapema, jua likatoka na kila kitu yadini kikawa kinatoa mvuke. Mabomba yalikuwa yamepangwa tabaka kwa tabaka tangu kabla ya mvua, katikati yake mbao, na minyororo imekazwa juu. Lori lilipaswa kuondoka saa nne pamoja na mengine mawili, kwa kuwa karatasi za mpaka zilikuwa za siku maalum. Nilichukua bomba langu nikazunguka.

Sijawahi kusikia minyororo ikilia namna ile. Kila mmoja ulitoa sauti moja, safi, ndefu, kama kengele za kanisa linaloonekana ng'ambo ya bonde. Nilizunguka mara tatu, na mara ya nne kwa raha tu. Nilifikiri: hata chuma kinajua kinakwenda nyumbani. Nikachora sindano yangu kwenye gurudumu. Dezire akanipigia saluti ya mzaha, akapanda.

Nikaenda kunywa chai.

Mnaufahamu mlango wa chumba cha chai. Siku za mvua unakwama, lazima uusukume kwa bega. Miezi ya ukame, upepo wa bara ukishuka, unajifunga na kujifungua wenyewe kama mtu anayeota. Asubuhi ile niliusukuma kwa bega, ukakataa, nikausukuma tena. Nikabaki nimesimama, bega langu kwenye mbao, kikombe mkononi.

Mbao zile za katikati ya mabomba. Hazikuwa za msonobari mkavu kama kawaida. Zilikuwa za mkaratusi, zimepasuliwa juzijuzi, bado zinanuka dawa ya kifua. Zilikuwa mbichi, na juu ya ubichi zimenyeshewa siku tatu. Zilikuwa zimevimba kama mlango huu. Ndiyo maana minyororo ilikuwa imekaza kuliko mkono wa mtu unavyoweza kukaza. Si sisi tuliokaza. Ni maji. Na lori lile lilikuwa linapanda bara, kwenye hewa kavu. Mbao zingesinyaa njiani, tabaka baada ya tabaka, na mzigo ungelegea katikati, mahali ambapo dereva haoni, huku turubai juu ikiwa imenyooka vizuri.

Niliweka kikombe chini. Nilipofika getini injini ilikuwa inanguruma na mlinzi ameshika komeo. Nikasimama mbele ya lori.

Dezire akatoa kichwa. "Yaya, iko nini tena?"

"Zima."

"Nimesahau kukupa busu?"

Madereva wawili wa nyuma wakacheka. Mmoja wao, wa Lubumbashi, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, akapaza sauti: "Mama Turubai amesikia muziki, sasa anataka waucheze tena!"

"Zima, Dezire. Mbao ziko na maji."

"Mbao zote za Durban ziko na maji," akasema. "Watu pia wako na maji. Tuko pembeni ya bahari, yaya!"

"Zitakauka ukifika juu."

"Bon, sawa. Nitasimama, nitakaza. Si kazi yangu hiyo?"

"Utakaza juu. Katikati hutafika."

Meneja akaja, kalamu sikioni. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Akauliza mnyororo upi umelegea. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama mzigo umepita kipimo. Nikamwambia haukupita. Akauliza kama ninaweza kumwonyesha kitu chochote, kwa jicho au kwa sikio, kilicho kibaya.

"Siwezi," nikasema. "Kila kitu ni kizuri mno."

Akanitazama. Kisha akatazama gurudumu. "Alama ni yako," akasema. "Sitakulazimisha na sitakuzuia. Ila likibaki hili, lile lori la mbolea nyuma yake litachukua zamu, na dereva wake."

Dezire alikuwa ameshuka. Alikuja karibu, akaacha mzaha, akanena polepole kama tulivyokuwa tukinena utotoni chini ya shuka moja, wengine wasisikie.

"Yaya. Ninaenda kwa mama."

"Najua."

"Hapana. Hujui. Wewe ulimujua mama, ndiyo maana unaweza kungoja."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Baba Ngidi hakuwahi kufuta. Haikuwa kwamba hakukosea. Hakuwahi kuwekewa mtu wake juu ya lori. Au labda aliwekewa, na hakuniambia.

Nilichutama. Saruji ilikuwa na maji. Niliweka kiganja kwenye gurudumu, juu ya sindano yangu, na kuisugua hadi mpira ukawa mweusi. Chaki ikitoka ni nyepesi, haina uzito wowote. Niliposimama Dezire alikuwa amekwisha kugeuka. Alitoa panga chini ya kiti, akalipitisha kwapani likiwa bado kwenye gazeti lake, akatoka getini kwa miguu.

Mzigo ulifunguliwa, ukafungwa upya kwa mbao kavu, ukaondoka siku ya tatu kwa karatasi mpya zilizoandikwa dereva mwingine. Ulifika salama, jambo ambalo halikuthibitisha chochote. Mbao za mkaratusi niliagiza zitengwe karibu na ukuta, nizione zikikauka, nizipime. Ijumaa nikakuta madereva wamezifanya kuni za kuchomea nyama. Ushahidi wangu wote uliliwa na soseji.

Hili ndilo ninalotaka mlishike, na ndiyo sababu nimekubali kuandika. Ajali iliyotokea ina picha, ina ripoti, ina watu wa kusimulia. Ajali isiyotokea haina chochote. Hutapewa mbao. Hutajua kamwe kama ulikuwa na akili au ulikuwa na woga. Mimi mwenyewe nimejiuliza kama ningefuta alama ile iwapo juu ya lori angekuwa kaka wa mtu mwingine. Nimejiuliza nikifua, nikishona, nikiwa kanisani. Sijapata jibu, na siwadanganyi kwamba nimelipata.

Nilichopata ni hiki. Jumapili iliyofuata Dezire alikuja kula, kwa sababu Jumapili huja kula. Hakunisalimu. Aliketi, akavuta sahani, akala ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, mpaka mwisho bila kuinua macho, taya zikitembea kwa hasira. Nami nilimtazama akitafuna. Nilimtazama kama nilivyomtazama Likasi, alipokuwa na meno manne. Nilifikiri, kasirika. Mtu aliyekasirika ana njaa, na mwenye njaa yuko mezani.

Alikuja hivyo Jumapili nyingi sana. Polepole akaanza kusema "chumvi." Baadaye "chumvi, yaya." Lakini habari ya Likasi haikutajwa, na mizigo ya upande ule ikawa haiji yadini kwetu. Katika zile ndoto zangu za mchana juu ya turubai, niliisafiri mimi safari yake. Nilipandisha Van Reenen na ukungu wake, nikampita mzee wa Villiers, nikavuka mto wa mpakani, nikaingia nchi moja na nyingine ambazo sikuwa na vumbi lake la kuzijulia, nikafika nyuma ya kambi ya reli. Hapo kila mara nilizinduka. Sikuwa na haki ya kufika kabla yake.

Mwaka huu, mwezi wangu wa mwisho kazini, ukaja mzigo mwingine. Si mabomba mara hii. Vipuri vya mashine, kwenye makasha. Kwenda Likasi. Meneja akamwandika Dezire bila kuuliza mtu.

Nilimwambia Bosco akague yeye. "Sikio la dada si sikio la kazi," nikasema, nikajifungia na turubai zangu upande wa pili wa yadi. Nilisikia akigonga. Aligonga vizuri, polepole, mara tatu kuzunguka. Nikajua amechora alama. Nikangoja injini. Injini haikuwaka. Nikajaribu kutia uzi kwenye sindano, ukakataa kuingia.

Bosco akaja mbio. "Mama, anasema haondoki."

"Kuna nini kilicholegea?"

"Hakuna. Anasema anakungoja wewe. Amekaa kwenye ngazi ya lori anakula karanga."

Nilikwenda. Dezire alinitazama nikikaribia, nywele zake zikiwa zimeanza kuwa nyeupe pembeni, mdogo wangu. Akatupa maganda.

"Bosco amegonga," nikamwambia.

"Bosco si yaya yangu."

"Na nikikataa?"

Akafikiri. "Nitakasirika," akasema. "Piga."

Nilizunguka. Nilifungua turubai pembeni nikatazama mbao, nikazishika, nikazinusa mbele ya watu wote, na yule wa Lubumbashi akauliza kama zimeiva. Zilikuwa kavu. Nilikaza mnyororo mmoja robo mzunguko, ambao haukuhitaji. Kisha nikampa Bosco ishara, na lori likatoka.

Siku kumi na mbili baadaye nilikuwa ninafua turubai yangu ya mwisho wakati simu ilipolia. Mikono ilikuwa na sabuni. Bosco ndiye aliyenishikia simu sikioni, kwa hiyo anajua sisemi uongo.

"Yaya, nimefika. Niko hapa."

"Makaburi yapo?"

"Majani iko hadi kifuani. Nimefyeka tangu asubuhi. La baba nimeliona, iko na jina. La mama sijajua bado ni lipi. Iko mawili bila jina, karibu karibu. Wewe ungejua."

Nikafumba macho. Nikasimama pale nilipokuwa nimesimama nikiwa na miaka kumi na mitano, na mtoto mgongoni. "Ipe reli mgongo," nikamwambia. "Miguu ya baba iko upande gani?"

"Kushoto."

"Mama yuko kulia kwake. Hatua mbili. Mawe yatakuwa madogo, kwa sababu mimi ndiye niliyeyabeba."

Nikasikia majani, pumzi yake, na nyuma yake sauti za watoto wakibishana kwa Kiswahili cha kwetu, na mbali kidogo behewa likigonga behewa. Bosco alibadilisha mkono.

"Ni madogo," Dezire akasema.

Alifyeka, nami nikasikiliza panga likienda na kurudi, mpaka akasimama kupumzika.

"Yaya, vraiment, kweli nilikukasirikia sana."

"Najua."

"Lakini haijaisha yote. Kidogo iko bado."

"Rudi nayo," nikamwambia. "Jumapili napika sombe."